Kibali cha maadili ya utafiti

Kibali cha maadili ya utafiti ni idhini ya maandishi inayotolewa na kamati maalumu baada ya kulisoma andiko la utafiti na kuridhika kwamba watu watakaoshiriki hawatadhurika, hawatadanganywa wala kulazimishwa. Huombwa kabla ya kazi kuanza. Kwa kawaida kamati haitoi kibali kwa ajili ya data zilizokwisha kukusanywa, na majarida mengi ya kitaaluma hukataa makala ya utafiti uliofanyika bila kibali.

Makala hii inaeleza hasa jinsi mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Tanzania anavyoweza kutambua kama utafiti wake unahitaji kibali hicho.

Chimbuko

Utaratibu huu ulitokana na maovu. Baada ya kesi ya madaktari wa Kijerumani waliofanyia majaribio wafungwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mahakama ya Nuremberg ilitaja mwaka 1947 kanuni kumi, ya kwanza ikiwa ridhaa ya hiari. Azimio la Helsinki la Chama cha Madaktari Duniani lilifuata mwaka 1964. Hata hivyo huko Tuskegee, Marekani, wanaume weusi wenye kaswende waliendelea kuchunguzwa bila kupewa tiba tangu 1932 hadi 1972, ingawa penisilini ilikuwa imeshapatikana.

Utafiti upi unahitaji kibali

Wanafunzi wengi hudhani kwamba kibali ni cha wale wanaotoa damu au kujaribu dawa. Kwa utafiti wa namna hiyo hakuna ubishi. Mjini Bagamoyo, kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara kilishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo katika awamu ya tatu yalihusisha watoto 15,459 katika nchi saba za Afrika. Katika utafiti mwingine uliofanyika hapohapo na kuchapishwa mwaka 2014, vijana wa kiume wenye afya njema walikubali kudungwa vimelea hai vya malaria, wakafuatiliwa na kutibiwa. Hakuna anayeuliza kama kazi kama hiyo inahitaji kamati.

Shida ipo kwenye dodoso. Chukua mfano wa wanafunzi watatu wanaokwenda Mkange, kata ya Halmashauri ya Chalinze wilayani Bagamoyo, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Wa kwanza anapima udongo wa mashamba. Anahitaji ruhusa ya wenye mashamba, lakini hachunguzi mtu, kwa hiyo kamati ya maadili haimhusu. (Akitaka kuingia hifadhini, hiyo ni ruhusa nyingine, ya mamlaka za wanyamapori.) Wa pili hafiki Mkange kabisa: anatumia majedwali ya Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 yaliyochapishwa kwa umma, ambayo hayamtambulishi mtu yeyote. Naye kwa kawaida hahitaji mapitio.

Wa tatu anawauliza wakulima kuhusu wanyama wanaoharibu mazao. Hana sindano wala kidonge. Lakini katika dodoso lake kuna swali: "Je, umewahi kuingia hifadhini kutafuta kuni au nyama?" Anayejibu "ndiyo" amekiri kosa la jinai mbele ya mgeni mwenye daftari. Daftari hilo likiwa na jina, kitongoji na namba ya simu, kisha likasahaulika kwenye basi au likaombwa na ofisa fulani, madhara yatampata mkulima, si mwanafunzi. Utafiti huu unahitaji kibali.

Basi swali la kujiuliza ni hili: je, ninachukua taarifa kutoka kwa mtu aliye hai, au kumhusu, kwa lengo la kupata maarifa ya jumla? Kama jibu ni ndiyo, andiko lipelekwe kwenye kamati. Mahojiano, majadiliano ya vikundi, picha, kumbukumbu za wagonjwa na hata ujumbe wa kundi la WhatsApp vyote vinaingia humo. Kuondoa majina peke yake hakutoshi. Ukiandika "fundi cherehani mwanamke wa kijiji fulani", na fundi wa namna hiyo ni mmoja tu, umeshamtaja.

Wapo watakaosema kwamba utafiti wao ni mdogo mno. Huenda ni kweli, lakini uamuzi huo si wa mtafiti mwenyewe, kwa kuwa ana haraka ya kumaliza. Kamati inaweza kupitia andiko lenye hatari ndogo kwa njia fupi, au kumwandikia kwamba halihitaji mapitio. Barua hiyo itunzwe.

Mambo yenye utata

Mwalimu anayesahihisha mitihani ili ajue wanafunzi wake wamekwama wapi anafanya kazi yake. Akiamua kuyatumia matokeo hayohayo katika tasnifu, yamekuwa data za utafiti. Hapa kuna ugumu ambao walimu huupuuza: mwanafunzi ni vigumu kumkatalia mwalimu anayempa alama. Kwa walio chini ya miaka 18 huhitajika ridhaa ya mzazi au mlezi pamoja na kukubali kwa mtoto mwenyewe. Ruhusa ya mkuu wa shule humfungulia mtafiti lango, haichukui nafasi ya ridhaa hizo.

Historia simulizi ni tofauti kidogo. Mzee wa Bagamoyo anayesimulia habari za ukoo wake mara nyingi anataka atajwe jina, na kumficha ni kumvunjia heshima. Nchini Marekani kanuni za shirikisho zilizoanza kutumika 2019 zinaiweka historia simulizi nje ya mapitio. Kwa Tanzania ni busara kuuliza chuoni kwanza.

Vibali vinavyochanganywa

Mwaka 1980 waraka wa serikali ulimpa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mamlaka ya kutoa kibali cha kufanya utafiti kwa wahadhiri na wanafunzi wake. Barua ya aina hiyo hupelekwa mkoani, halmashauri, kwa mtendaji wa kata na wa kijiji, na kila ofisi hugonga muhuri. Mihuri hiyo yote inamruhusu mtafiti kuwepo mahali. Haisemi lolote kuhusu usalama wa maswali yake, wala haimlazimishi mwanakijiji kujibu.

Watafiti kutoka nje ya nchi hupata kibali kutoka Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoundwa kwa sheria ya 1986. Utafiti wa afya hupitiwa na kamati ya chuo au taasisi, na ule wenye ushirikiano wa kimataifa au majaribio ya tiba hupelekwa pia kwenye kamati ya taifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Majaribio ya dawa na chanjo huhitaji vilevile idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Zanzibar ina utaratibu wake, na kibali cha bara hakitoshi huko. Juu ya hayo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu kila anayekusanya majina na namba za simu za watu.

Ridhaa kijijini

Fomu ya ridhaa huandikwa kwa Kiswahili chepesi na kueleza lengo, hatari, haki ya kukataa na haki ya kujitoa katikati. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi, kisha huweka dole gumba. Penye migogoro ya ardhi na mipaka, watu huogopa kutia dole kwenye karatasi wasiyobaki nayo, na woga huo una sababu. Mtafiti anaweza kuiomba kamati imruhusu kupokea ridhaa ya mdomo, lakini aombe mapema, aeleze sababu.

Kibali cha NIMR hudumu mwaka mmoja na huweza kuongezwa muda. Maswali yakibadilika, au kijiji kikiongezwa, marekebisho hurudishwa kwenye kamati kabla ya kutumika.