"PUT OFF": Maneno Mawili, Maana Nyingi

Mtu mwenye kesi ya shamba aweza kuletewa barua ya Kiingereza isemayo kwamba kesi yake "has been put off". Kwa kuwa amezoea kuyasikia maneno hayo mtu aambiwapo azime taa, hudhani ya kuwa kesi nayo imezimika, akarudi kulima kwa furaha. Kumbe imeahirishwa tu! Siku mpya ikifika naye hayupo, hukumu yaweza kutolewa bila yeye kusikilizwa.

"Put" ni kuweka, na "off" huonyesha kuondoka au kuwa mbali. Lakini yakiunganishwa huzaa maana mpya. Asemaye Kiswahili asistaajabu, maana lugha yake hufanya vivyo hivyo kwa kubadili mwisho wa neno: kupata si kupatana, wala kupatana si kupatanisha. Kiingereza huliacha neno la kitendo kama lilivyo, kikaongeza neno dogo nyuma yake.

Maana za "put off" zitumikazo sana ni hizi:

Kwanza, kuahirisha mkutano, safari au kesi.

Pili, kumzungusha mtu kwa visingizio, kama mdaiwa amwambiavyo mwenye fedha zake, "Njoo kesho," na kesho haifiki.

Tatu, kumwondolea mtu hamu, kama harufu ya nyama iliyooza imwondoleavyo mtu hamu ya kula.

Nne, kumvuruga mtu mawazo, kama makelele yamvurugavyo mwanafunzi katika mtihani.

Tano, kuzima taa.

Sita, kumteremsha abiria garini.

Tena katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Musa aambiwapo avue viatu penye kijiti kilichowaka moto, maneno yaliyotumika ni hayo hayo. Ila maana hiyo sasa ni ya kale.

Basi msomaji ataijua maana kwa kutazama jambo linalotajwa. Ikitajwa taa, imezimwa; ukitajwa mkutano au kesi, kuna siku nyingine. Mkutano uliofutwa kabisa Waingereza husema ni "called off". Ulio "put off" ungaliko.

Kwa hiyo apataye barua ya namna hii asifurahi wala asihuzunike upesi. Na aende kwa karani wa mahakama, aulize neno moja tu: "Ni lini?"