Mlanguzi akishahukumiwa, asubirie rufaa yake ndani? India walijaribu

Uzi wa leo ni mrefu kidogo. Weka chai karibu.

Kuna hoja inarudi kila mara mihadarati ikitajwa kwenye mdahalo. Mgombea mmoja (simtaji, na ukimtaja kwenye majibu nafuta) anasema hivi: mlanguzi akishapatikana na hatia asionekane nje tena, hata kama amekata rufaa. Ukumbi unapiga makofi. Mwingine anajibu kwamba hiyo ni kuvunja katiba, naye anapigiwa makofi. Mwendesha mdahalo anaita matangazo, na sisi tunabaki vile tulikuwa.

Sasa, kuna nchi iliyoichukua hoja hiyo na kuiandika kwenye sheria. Ni India. Kabla hatujarushiana maneno, hebu tuone iliwafikisha wapi.

Kwanza tuelewane kuhusu dhamana yenyewe, kwa sababu watu huchanganya mbili. Kabla ya hukumu, unahesabiwa huna hatia, na dhamana inakuweka nje mpaka kesi iishe. Baada ya hukumu hali ni tofauti kabisa. Korti imeshasema una hatia. Unachoomba ni korti ya juu isimamishe kifungo chako kwa muda, ikuachilie kwa masharti, mpaka rufaa isikizwe. India hilo lilikuwa kwenye kifungu cha 389 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, na tangu Julai 2024 sheria mpya imekipa namba 430. (Kifungu ni cha sheria, kifungo ni cha jela. Herufi moja tu na uko Kamiti.)

Sheria yao ya mihadarati ni ya 1985, wenyewe huiita NDPS. Ni kali. Inaangalia uzani: kiasi kidogo, kiasi cha biashara, na kile kilicho katikati. Heroini ikizidi gramu 250 ni biashara. Bangi ikizidi kilo 20, vivyo hivyo. Ukiingia kwenye biashara, kima cha chini ni miaka 10 jela na kima cha juu miaka 20, pamoja na faini isiyopungua rupia 100,000. Hakimu hana ruhusa ya kushuka chini ya 10, hata kama ni kosa lako la kwanza, hata kama wewe ndiwe uliyebebeshwa tu na mwenye mzigo yuko kwake amelala.

Mwaka 1989 bunge lao likaongeza kifungu cha 32A. Kwa lugha yetu: aliyehukumiwa chini ya sheria hii, isipokuwa kwa kosa la kutumia, kifungo chake hakisimamishwi, hakipunguzwi, na adhabu haibadilishwi. Yaani ile hoja ya mgombea wetu, ikiwa na muhuri. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya India ikakisoma kifungu hicho kama kilivyo ikasema naam, hata korti ya rufaa imefungwa mikono.

Hebu fikiria maana yake. Umehukumiwa miaka 10. Una haki ya kukata rufaa Mahakama Kuu. Lakini foleni ya rufaa ni ndefu, na jaji, hata akisoma faili akaona kesi yako ilikuwa na mashimo, hawezi kukuachilia usubirie nje. Unaweza kushinda rufaa mwaka wa tisa. Hapo umeshinda nini?

Swali hilo lilirudi mbele ya Mahakama ya Juu, na Oktoba 2000 jibu likabadilika. Korti ilisema kifungu cha 32A ni kinyume cha katiba pale kinapomnyang'anya jaji uwezo wa kusimamisha kifungo. Sababu yake si ngumu: ukimpa mtu rufaa halafu ukamzuia jaji kuilinda hiyo rufaa isipitwe na wakati, umempa karatasi tu. Lakini angalia walichokiacha. Serikali bado haiwezi kumpunguzia kifungo au kumsamehe siku mfungwa wa mihadarati. Na jaji anayetaka kusimamisha kifungo lazima apitie mlango mwembamba unaoitwa kifungu cha 37.

Hapa ndipo pana utamu, tukae kidogo.

Kifungu cha 37 kinasema, kwa mizigo ya biashara na makosa machache mengine makubwa, mwendesha mashtaka apewe nafasi ya kupinga. Akipinga, jaji asimwachilie mtu mpaka aridhike na mambo mawili: kuna sababu za msingi za kuamini kwamba huyu hana hatia, na kwamba akiwa nje hatatenda kosa.

Kwa mtu ambaye kesi yake haijasikizwa, hilo tayari ni gumu. Kwa aliyehukumiwa ni kitendawili. Korti moja imekaa, imesikiza mashahidi, imeandika kurasa nyingi kwamba ana hatia. Sasa jaji wa rufaa, kabla hata ya kusikiza rufaa yenyewe, anatakiwa aamini kwamba hana. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ilisema "sababu za msingi" ni zaidi ya kuona tu kwamba kuna hoja ya kusikizwa, ingawa jaji hatakiwi kupima kama anayeandika hukumu ya kumwachilia huru. Na lile sharti la pili, la kesho na keshokutwa, mimi sijui binadamu gani anaweza kuapa juu yake.

Basi watu hutokaje? Kwa njia mbili, kwa jinsi ninavyosoma hizi hukumu.

Njia ya kwanza ni kuonyesha shimo kwenye kesi, shimo linaloonekana bila kuchimba sana. Chukua mfano huu niliotunga. Mtu anashushwa kwenye basi na gunia la bangi la kilo 22. Anafungwa miaka 10. Lakini sheria ya India inahesabu bangi kuwa vile vichwa vya maua au matunda ya mmea. Majani na mbegu vikiwa peke yake bila vichwa havihesabiki. Kama polisi walipima gunia zima, majani, vijiti na yote, wakili anauliza: vichwa pekee vilikuwa kilo ngapi? Vikiwa 17, si biashara tena. Kima cha chini cha miaka 10 kinaondoka na kifungu cha 37 kinaondoka nacho. Kwa heroini usijaribu hesabu hiyo. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu iliamua kwamba ikichanganywa na unga mwingine, mchanganyiko wote unapimwa.

Shimo lingine lilifunguka Oktoba 2020. Kwa miaka mingi maafisa wa mihadarati walikuwa wakiandika maelezo ya mshukiwa akikiri, na maelezo hayo yanatumika kumfunga. Mahakama ya Juu ikasema maafisa hao ni kama polisi tu, na mtu kukiri mbele ya polisi si ushahidi wa kumtia hatiani. Sasa fikiria aliyefungwa kabla ya hapo, na faili yake ukiondoa lile ungamo haibakizi kitu. Huyo ana jambo la kumwambia jaji. Ndivyo ilivyo pia kwa upekuzi. Sheria inataka mtu kabla ya kupekuliwa mwilini aambiwe ana haki ya kupekuliwa mbele ya hakimu au afisa wa cheo maalum. Asipoambiwa, kilichopatikana mwilini mwake kinaingia matatani.

Njia ya pili ni muda. Hii haimo kwenye kifungu cha 37 hata ukikisoma mara kumi. Imeletwa na majaji, kutoka kwenye haki ya uhai na uhuru iliyo kwenye katiba yao. Tangu 1977, katika kesi ya mauaji, Mahakama ya Juu ilishasema kwamba si haki kumweka mtu ndani miaka mitano au sita halafu rufaa ikisikizwa aonekane hakuwa na kosa. Kama korti haiwezi kusikiza rufaa kwa wakati unaofaa, basi imwachilie kwa dhamana isipokuwa kuna sababu nzito. Mwaka 1994, kwa mahabusu wa mihadarati ambao kesi zao zilikuwa zimekwama, iliagiza wale wanaokabiliwa na kima cha chini cha miaka 10 waachiliwe kwa dhamana wakishakaa rumande miaka 5. Mwaka 2023 ikarudia kwamba kuchelewa kupita kiasi kunaweza kushinda ukali wa kifungu cha 37.

Lakini soma vizuri. Maamuzi ya 1994 na 2023 yalihusu watu ambao hawajahukumiwa. Mawakili wa waliohukumiwa huyaazima, na baadhi ya majaji wa Mahakama Kuu huyakubali, hasa mtu akiwa amemaliza sehemu kubwa ya kifungo na rufaa haina tarehe. Wengine wanakataa na kusema: onyesha kwanza huna hatia. Kwa hiyo watu wawili wenye mzigo sawa na kifungo sawa, mmoja katika jimbo hili na mwingine jimbo jirani, wanaweza kupata majibu tofauti. Hilo mimi naliona ndilo tatizo kubwa kuliko ukali wenyewe.

Upande wa serikali nao una hoja, tusiupuuze. Mtu mwenye miaka minane mbele yake ana kila sababu ya kutoroka, na mwenye mtandao wa pesa ana njia pia. Hofu hiyo ni ya kweli. Ila dawa yake ni mbili, mlango mwembamba au rufaa ya haraka, na hiyo ya pili haipigiwi makofi kwa sababu inahitaji majaji, makarani na bajeti.

Kwetu je? Kenya tulihukumiwa kwa sheria ya jinai ya India mpaka 1930, kwa hiyo mantiki si ngeni. Leo kifungu cha 357 cha sheria yetu ya mwenendo wa jinai kinaruhusu korti kumpa dhamana aliyekata rufaa. Tangu kesi moja maarufu ya 1986, korti zetu huangalia kama rufaa ina nafasi kubwa ya kufaulu, na kama sehemu kubwa ya kifungo itakuwa imeisha kabla haijasikizwa. Hiyo ya mwisho India wamezunguka miaka mingi kuifikia, sisi tunayo. Mgombea akisema ataifuta kwa walanguzi, muulize atafanya nini na yule atakayeshinda rufaa mwaka wa tisa.

Na wanaodhani dhamana ni kuponyoka: kwa sheria ya India, ukishindwa rufaa unarudi ndani, na siku ulizokaa nje hazihesabiwi. Ulikuwa umebakiza miaka minne, unamaliza minne.

Mwisho ni la ndugu zetu, maana watu wa Afrika Mashariki wamekamatwa viwanja vya ndege vya Delhi na Mumbai na mizigo tumboni au kwenye masanduku. Agizo lile la 1994 lilitaka mgeni anayepewa dhamana anyang'anywe pasipoti na pia alete hati kutoka ubalozi wake kwamba hatatoroka. Balozi nyingi zingewezaje kuahidi hivyo? Januari 2025 Mahakama ya Juu ilisema hati hiyo si lazima. Ubalozi ukikataa kuitoa, korti iweke masharti mengine. Ikaagiza pia korti ikimpa mgeni dhamana, ofisi ya usajili wa wageni ijulishwe. Kwa hiyo anayetoka kwa dhamana kule bado hana tikiti ya kurudi nyumbani, na viza yake mara nyingi ilishakwisha akiwa ndani.