Kalamu ni Amana

Mtume wetu (S.A.W.) alipita sokoni Madina, akatia mkono katika lundo la nafaka: juu kavu, chini maji. Mwenye mali akasingizia mvua. Akaulizwa, mbona hakuiweka ile mbichi juu, watu wakaiona?

Mwandishi naye ana lundo lake. R. Foster Winans wa gazeti la The Wall Street Journal, New York, aliandika juu ya hisa za makampuni. Akizisifu hupanda bei, akizitia ila hushuka. Mwaka 1983 akaanza kumnong'oneza dalali mapema atakayoyaandika, naye dalali akiwahi soko kabla ya wasomaji. Madalali walichuma dola 690,000 hivi. Winans na mwenziwe 31,000 tu. Mwaka 1985 alitiwa hatiani; 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani ikathibitisha.

Ajabu, makala zenyewe hazikuwa za uwongo. Kosa lilikuwa kwenye alilolificha.

Ndugu msomaji, ujira wa kalamu si haramu. Mwandishi naye ana watoto. Lakini akilipwa na mwenye bidhaa anayoisifu, na aseme waziwazi, nawe upime mwenyewe. Imani yako kwetu ni amana, na amana haipigwi mnada.