Unyevu wa Mahindi Upimwe Mbele ya Mkulima

Chukua chupa kavu, jaza mahindi hadi robo, tia chumvi kavu kijiko kimoja, funga na utikise kwa dakika kadhaa. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15. Wengine hutumia meno: punje ikikatika kwa mlio, huanika siku moja zaidi na kufunga gunia.

Kwenye miinuko ya Heru Juu, wilayani Kasulu, njia hizo hazitoshi. Mvua za huko huanza Oktoba na kwenda hadi Mei, na mahindi ya mwanzo hukomaa zikingali zinanyesha. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kati ya hapo na ile 15 ya chumvi, jino haliwezi kutofautisha.

Mnunuzi ana kifaa cha mkononi. Anamimina mahindi, anabonyeza, namba inatokea: 18. Mkulima hana namba ya kumjibu.

Kinachofanya kazi humo ni kihisi, yaani vibamba viwili vya chuma vinavyopitishiwa umeme kidogo. Maji huhifadhi chaji mara nyingi zaidi kuliko punje kavu, hivyo kadiri mahindi yalivyo mabichi ndivyo kipimo kinavyopanda. Vihisi vya namna hii vinazidi kuwa vidogo na bei yake inashuka. Kipo hata kipimajoto cha bei nafuu kinachosoma pia unyevu wa hewa: kifungie pamoja na mahindi kwenye mfuko usiopitisha hewa, subiri, na kikionyesha kama asilimia 65, mahindi yako karibu na 13.5. Kundi la wakulima linaweza kuchangia kimoja.

Namba hiyo ni fedha. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18, likikaushwa hadi 13.5, hubaki na takriban kilo 95. Makato ya haki, basi, ni kilo 5 na kidogo. Anayekata 10 anakula jasho la mtu, na bila kifaa cha pili hakuna wa kumbishia. Tulipiga kelele sana juu ya lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo, na tulifanya vyema. Unyevu nao unastahili kelele hizo.

Tena ni uhai. Mahindi yaliyofungwa mabichi huota ukungu, na baadhi ya ukungu hutoa sumukuvu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi.

Kihisi kingine tayari kimo mifukoni mwa watu: kamera ya simu. Programu ya Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, hutazama jani la muhogo na kusema kama lina ugonjwa wa batobato au wa michirizi kahawia. Picha za kuifundisha zilipigwa kwenye mashamba ya Bagamoyo. Inazungumza Kiswahili na haihitaji intaneti, jambo kubwa kwa vijiji vya Kasulu na Kibondo, ambako muhogo ni chakula na ni biashara. Huo ndio mwelekeo ninaoupenda, kwa sababu jibu linabaki shambani na anayelipata wa kwanza ni mwenye shamba.

Vipimo vya unyevu vifuate mkondo huo. Kila chama cha msingi cha ushirika kinachokusanya mahindi kiwe na chake, na kila kifaa, cha chama au cha mnunuzi, kikaguliwe kabla ya msimu kama mizani inavyokaguliwa na Wakala wa Vipimo. Maabara hufanya hivyo kwa kupima uzito wa mahindi, kuyakausha kwenye tanuri, kuyapima tena na kulinganisha na namba ya kifaa. Tarehe ya ukaguzi ibandikwe juu ya kifaa, mkulima aisome kabla gunia halijafunguliwa.