Vifuko kwenye ovari: Funzo kutoka jiko la Wapunjabi

Binti anapokosa hedhi miezi mitatu au minne, akaota nywele nene kidevuni na chunusi zisizokwisha, katika nyumba zetu nyingi jambo hilo huzungumzwa kwa kunong'ona, au halizungumzwi kabisa. Akiolewa na mwaka ukapita bila mimba, mnong'ono hugeuka kuwa lawama. Ataambiwa ana jini, ataambiwa amefungwa kizazi, na pengine mume ataanza kushauriwa aoe mke wa pili. Kumbe mara nyingi ni maradhi yenye jina, yanayojulikana kitaalamu, na ambayo sehemu kubwa ya matunzo yake imo jikoni.

Maradhi hayo madaktari huyaita kwa kifupi PCOS, yaani hali ya ovari kuwa na vifuko vingi vidogo. Leo tutayaeleza kwa kuangalia watu wa Punjab, eneo la mito mitano lililogawanywa mwaka 1947 baina ya Pakistan na India. Jimbo la Punjab la Pakistan peke yake lilikuwa na watu zaidi ya milioni 127 katika sensa ya mwaka 2023, wengi wao wakiwa Waislamu. Tumewachagua kwa sababu chakula chao ni kizito na kitamu mno, na kwa sababu si wageni kwetu. Baina ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza walileta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao Wapunjabi, kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Wengine walibakia, na chapati, sambusa na bajia tunazozila ni udugu wetu wa jikoni na watu wa bara hilo.

Maradhi yenyewe ni yapi?

Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, waliandika habari za wanawake waliokosa hedhi na ambao ovari zao zilikuwa kubwa na zenye vifuko vingi. Vifuko hivyo si uvimbe wa kuogopesha. Ni mayai machanga yaliyoanza kukua yakakwama njiani, hivyo hayapevuki wala hayatoki.

Kwa mwanamke mtu mzima, daktari hutafuta angalau dalili mbili kati ya tatu: hedhi isiyo na mpango, ongezeko la homoni za kiume (nywele usoni, chunusi, au kipimo cha damu), na ovari zenye vifuko vingi zinapoangaliwa kwa altrasaundi. Kabla ya hapo huhakikisha kuwa si mimba, wala si matatizo ya tezi la shingo au ya homoni nyingine. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa zaidi ya mwanamke mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa ana hali hii, na wengi wao hawajui.

Chakula kinaingiaje?

Tukila wanga au sukari, kongosho hutoa homoni ya insulini ili sukari iingie kwenye chembechembe za mwili. Kwa wanawake wengi wenye PCOS mwili huwa mzito kuitikia insulini, kwa hiyo kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi. Insulini hiyo iliyozidi huzichochea ovari kutengeneza homoni za kiume, na homoni hizo huzuia mayai kupevuka. Hapo ndipo hedhi inapopotea na nywele zinapoota. Weusi kama uchafu usiotoka shingoni na kwapani mara nyingi ni ishara ya insulini iliyozidi, si kutokuoga.

Watu wa Bara Hindi wana mtihani wa ziada. Miili yao huanza kuikaidi insulini hata kabla ya kunenepa sana, na mafuta hukusanyika tumboni. Ndiyo maana kwao kiuno cha mwanamke kinachozidi sentimita 80 huhesabiwa kuwa ni onyo. Mwaka 2021 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kuwa Pakistan ina watu wazima milioni 33 wenye kisukari, nchi ya tatu duniani baada ya China na India. Mwanamke mwenye PCOS yumo kwenye hatari hiyo zaidi ya wenzake, hasa akishika mimba.

Meza ya Kipunjabi

Chakula cha Punjab kilipikwa kwa ajili ya mkulima. Mtu aliyevuna ngano kwa mundu tangu alfajiri, na mkewe aliyekamua nyati na kuteka maji, waliweza kula paratha mbili zilizokaangwa kwa samli na bilauri kubwa ya lassi tamu, na jua likizama vyote vilikwisha teketea kwa kazi. Leo mjukuu wao yuko Lahore, amekaa ofisini au darasani mchana kutwa, lakini paratha ni ile ile. Jumapili asubuhi ni halua na puri. Mgeni akija huandaliwa biriani, naan na nihari, na baada yake gulab jamun au kheer. Majira ya baridi kuna halua ya karoti, na mzazi hulishwa panjiri, yaani unga uliokaangwa kwa samli, sukari na lozi. Kukataa chakula ni kama kumkataa aliyekipika.

Kwa hiyo ushauri wa kumwambia binti aache vyakula vyote vya kwao, ale saladi na kuku wa kuchemsha, haudumu hata mwezi. Mwongozo wa kimataifa wa maradhi haya uliotolewa mwaka 2023 unasema wazi kuwa hakuna aina moja ya mlo iliyothibitika kuzishinda nyingine. Ulio bora ni mlo wenye afya ambao mtu anaweza kudumu nao. Na jiko la Punjab lina dawa zake humo humo.

Yapi yabaki, yapi yapungue

Kwanza, vyakula vya kuvipa nafasi kubwa. Dal za kila aina, adesi, dengu na maharage mekundu vina protini na nyuzinyuzi, hivyo sukari hupanda polepole. Saag, yaani majani ya haradali yaliyopikwa na mchicha, ni chakula bora kabisa. Kadhalika karela, bamia, koliflawa, majani ya uwatu, mtindi usiotiwa sukari, samaki, na kuku wa tanuri asiyeogelea kwenye mafuta.

Pili, mkate. Unga wa atta wenye pumba zake ni bora kuliko unga mweupe wa naan na puri. Kuna pia mkate wa zamani uitwao missi roti, ambao unga wa ngano huchanganywa na unga wa dengu. Huo ni mzuri zaidi. Aliyezoea chapati nne aanze na mbili, na nafasi iliyobaki aijaze mboga na dal. Wali wa biriani uwe robo ya sahani, nyama au dal robo, na mboga nusu. Kuanza na mboga na nyama, kisha mkate ukafuata, nako kumeonekana kupunguza kupanda kwa sukari baada ya kula.

Tatu, samli. Hatusemi itupwe, ila ipimwe. Kijiko kimoja kikubwa cha samli kina takriban kalori 120. Mpishi anayemimina kwa macho hutia vijiko vinne bila kujua. Paratha ya kila siku na iwe ya Ijumaa, siku nyingine ipikwe chapati kavu na kupakwa samli kijiko kidogo.

Nne, sukari ya kunywa. Hii ndiyo adui anayejificha. Anayekunywa vikombe vinne vya chai ya maziwa kwa siku, kila kimoja vijiko viwili vidogo, amekunywa vijiko vinane, sawa na gramu 32 hivi. Shirika la Afya Duniani linasema ni vizuri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 25 kwa siku kwa mtu wa kawaida. Apunguze nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea. Lassi iwe ya chumvi kidogo na bizari nyembamba, badala ya ile ya sukari. Wala asidanganyike na sukari guru au asali akadhani hazina madhara. Zote hupandisha sukari mwilini.

Tano, mwendo. Kutembea kwa haraka dakika 30, siku tano kwa wiki, huusaidia mwili kuitikia insulini hata kama uzito haujashuka. Na kwa aliyenenepa, kupungua kidogo tu hunufaisha. Mwenye kilo 80 akipunguza kilo nne, yaani asilimia tano, hedhi yake yaweza kuanza kurejea. Ama mwembamba mwenye PCOS, yeye hahitaji kujikondesha. Anahitaji mlo ule ule wa uwiano.

Ramadhani na Idi

Mwezi mtukufu ni nafasi nzuri, lakini futari huweza kuiharibu. Tende moja hadi tatu na maji zatosha kufungulia, kisha mtu aswali Magharibi ndipo ale. Pakora na sambusa za kukaanga zisiwe za kila siku, na vinywaji vya rangi vyenye sukari viwekwe kando. Daku la Kipunjabi la tambi katika maziwa matamu huleta njaa mapema, afadhali mayai, mtindi na chapati ya atta. Anayetumia dawa aongee na daktari wake kabla ya mwezi kuandama.

Tukumbuke kuwa Qur'ani, katika Suratul A'raf aya ya 31, imeturuhusu kula na kunywa na ikatukataza israfu. Mtume (S.A.W.) naye, katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, ametufundisha kuligawa tumbo mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi. Hakukataza ladha, amekataza kupindukia.

Wasia kwa wenye nyumba

Chakula peke yake si kila kitu. Hedhi ikikosekana zaidi ya miezi mitatu kwa asiye mjamzito, ukuta wa mji wa mimba huweza kuwa mnene kwa namna ya hatari, kwa hiyo aende hospitali. Ziko dawa za kurekebisha hedhi, metformini ya kuusaidia mwili kuitikia insulini, na letrozoli ya kupevusha yai kwa anayetafuta mtoto. Wanawake wengi wenye hali hii huzaa, kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Karela na uwatu ni chakula kizuri, lakini unga wa dukani usiojulikana kilichomo usishike nafasi ya dawa. Ama damu ikija mfululizo baada ya kukosekana muda mrefu, mwanamke amuulize mwanachuoni ipi ni hedhi na ipi ni istihadha, kwani istihadha haimwondolei swala.

La mwisho, sufuria ni moja. Binti hawezi kupona ikiwa kaka na baba wanaletewa paratha za samli naye anapewa sahani yake ya peke yake kama mgonjwa wa kutengwa. Nyumba nzima ile chakula kile kile kilichorekebishwa, maana baba naye yuko njiani kwenye kisukari. Mama mkwe apunguze mkono wa samli badala ya kuongeza maneno. Na mume, kabla hajamlaumu mkewe, naye akapime, kwani mtoto hatafutwi na mtu mmoja.

Wallahu a'lam.