Somo la Redio: Kuchagua Upinde wa Kwanza

Wenzetu wa Kibiti, Bungu na Ikwiriri, na ninyi wa delta, wa Mbwera na Salale, karibuni darasani. Leo tunasoma habari za mtu anayetaka kununua au kuchonga upinde wake wa kwanza wa kuwindia. Kila kikundi kichague msomaji mmoja. Yeye asome polepole, na wengine wafuate kwa kidole.

Kwanza tuandike maneno manne katika daftari.

Upinde: silaha ya mti uliokunjwa kwa kamba. Wazee huuita pia uta.
Upote: kamba ya upinde.
Kigumba: chuma kilicho mbele ya mshale.
Podo: mfuko wa kuwekea mishale.

1. UPINDE WA KAZI GANI?

Kabla ya kuchagua upinde, jiulize unautaka kwa kazi gani. Watu wa Rufiji wamekaa na wanyama miaka mingi. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, Serikali iliwahamisha watu wengi kutoka bondeni kwenda vijiji vya nchi ya juu. Kazi hiyo ya mwaka 1969 iliitwa Operesheni Rufiji. Watu walihama, lakini udongo wenye rutuba ulibaki bondeni. Ndiyo maana mkulima huliacha boma lake, akaenda kulala katika dungu, kile kibanda cha juu ya miti, ili alinde mpunga na mahindi. Nguruwe mwitu huja usiku. Asubuhi mkulima hukuta kazi ya miezi imelala chini.

Mkulima huyo husema, "Nikipata upinde, shamba langu litapona." Hapa tusikilize vizuri. Nguruwe hafuatwi na mkulima peke yake. Simba naye humfuata. Kati ya mwaka 2002 na mwezi wa Aprili 2004, watu wapatao 35 waliuawa na simba katika Wilaya ya Rufiji. Mwaka 2005, wataalamu wakiongozwa na Craig Packer waliandika kwamba simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 katika Tanzania tangu mwaka 1990. Waliona pia kwamba palipo na nguruwe mwitu wengi, simba huingia mashambani, na hapo humkuta mtu aliyelala.

Basi upinde si ulinzi wa usiku. Gizani huoni mshale umempata nani. Nguruwe aliyejeruhiwa hugeuka akamrukia mtu, na simba hazuiliwi na mshale mmoja. Shamba hulindwa kwa moto, kwa kupiga madebe, kwa ua imara, na kwa majirani kulala pamoja badala ya mtu mmoja mmoja. Nguruwe wakizidi, au nyayo za simba zikionekana, toeni taarifa kwa ofisi ya kijiji ili afisa wanyamapori wa wilaya aitwe mapema. Upinde ni wa kuwindia mchana, kwa mtu mwenye ruhusa.

2. RUHUSA KWANZA, UPINDE BAADAYE

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema kwamba mtu hawezi kuwinda bila leseni. Haisemi "isipokuwa kwa kitoweo cha nyumbani". Swala wa kitoweo naye ana sheria yake. Sumu katika mshale ni marufuku; vivyo hivyo mitego ya waya na mashimo.

Jambo jingine ni mipaka. Upande wa magharibi wa nchi ya Rufiji iko Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotengwa mwaka 2019 kutoka sehemu ya Pori la Akiba la Selous. Mtu akikutwa humo na upinde bila kibali, ametenda kosa, hata kama hajapiga hata ndege. Kwa hiyo nenda kwanza kwa afisa wanyamapori. Muulize mnyama gani anaruhusiwa, wapi, miezi gani, na kwa silaha gani. Akikwambia upinde hauruhusiwi kwa mnyama unayemtaka, fedha yako imepona. Mtu aliyeanza kwa kununua upinde hana bahati hiyo.

3. UPINDE NA UUFUATE MKONO WAKO

Kosa kubwa la mwanafunzi ni kutaka upinde mgumu kama wa fundi. Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukimtazama mwenzio akivuta, utadhani ni kazi nyepesi.

Tazama Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, ambao pinde zao ni ngumu sana. Mtoto wa kiume kwao hupewa upinde mdogo angali mdogo mno. Yeye akikua, upinde nao hukua. Mtu mzima anayeanza leo ni kama mtoto huyo. Na aanze na upinde mwepesi.

Kipimo cha kwanza ni hiki. Vuta upinde mpaka mwisho, ushike, uhesabu moja mpaka tano, kisha urudishe upote taratibu. Usiuachie ghafula bila mshale, kwani upinde huweza kupasuka. Mkono ukitetemeka kabla ya tano, upinde huo haujawa wako.

Kipimo cha pili ni cha debe. Debe la lita 20 likijaa maji lina kilo 20, bila kuhesabu uzito wa debe lenyewe. Funga upinde kwenye boriti imara, pale unaposhikwa. Ning'iniza debe tupu kwenye upote, halafu tia maji kidogo kidogo. Asisimame mtu chini yake. Upote ukishuka kufikia urefu unaovuta mshale wako, acha kutia maji, upime maji yaliyomo. Nusu debe, yaani kilo 10 hivi, inafaa kwa kujifunzia. Upinde wa kuwindia huhitaji nguvu zaidi. Majimbo kadhaa ya Marekani yameweka kilo 18 hivi kuwa kiwango cha chini kwa mnyama wa ukubwa wa kulungu. Usikimbilie kiwango hicho kabla mkono haujazoea.

4. MTI, UPOTE NA MISHALE

Upinde wa mti mmoja na uwe na urefu wa kama kimo chako. Upinde mfupi ukivutwa sana huvunjika. Tazama nyuzi za mti: ziende moja kwa moja toka ncha hata ncha. Kataa wenye fundo, ufa, au tundu la mdudu. Mti na uwe umekaushwa kivulini, kwani jua kali huupasua. Uvute kidogo, mwenzio akitazama kwa mbali: nusu ya juu na nusu ya chini zikunjwe sawasawa. Ninyi wa delta, kumbukeni kwamba mikoko ni msitu wa hifadhi. Haikatwi bila kibali.

Upote usiwe wa kamba inayovutika. Kamba ya nailoni ya wavuvi ni imara, lakini huvutika, na hivyo hula nguvu za mshale. Upote uliochakaa ubadilishe kabla haujakatika. Kazi ikiisha ulegeze, ili mti upumzike.

Sasa mishale. Weka ncha moja ya fimbo kifuani, nyosha mikono yote miwili mbele, viganja vikikutana. Fimbo na izidi ncha za vidole kidogo. Huo ndio urefu wa mshale wako. Mshale mfupi ni hatari, kwani huweza kuanguka ndani ya upinde ukachoma mkono unaoshika. Uviringishe juu ya meza, ukirukaruka, umepinda. Mishale yote ya podo iwe na uzito mmoja, kwani mwepesi na mzito haviendi mahali pamoja. Kigumba na kiwe kikali kama wembe. Mshale huua kwa kukata na kutoa damu. Hauui kwa kishindo kama risasi. Kigumba butu humtesa mnyama bure.

5. UPINDE WA MTAMBO

Wapo watakaouliza habari za upinde wa mtambo, ule unaolazwa juu ya gogo kama la bunduki. Si kitu kipya. Wachina waliutumia zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na Wafang wa Gabon waliuwindia nyani msituni. Mtambo hushika upote mahali pa mkono. Mtu hufyatua kwa kidole tu. Kwa hiyo hauchoshi kuushika. Lakini ni mzito, huchelewa kupakiwa tena, na kidole gumba kikikaa juu ya njia ya upote huweza kukatwa. Sheria nayo haibadiliki kwa sababu ya mtambo.

6. MAZOEZI

Jaza gunia pumba za mpunga, ulishindilie, uliweke mbele ya kichuguu au ukuta wa udongo, mahali pasipopita watu. Anza kwa hatua kumi. Mishale yako kumi yote ikiingia katika duara la ukubwa wa sahani, rudi nyuma hatua chache. Umbali unapoanza kukosa, hapo ndipo mwisho wako. Mnyama aliye mbali kuliko hapo, mwache aende zake.

Kwa ufupi: kwanza ujue kazi, pili upate ruhusa, tatu upime mkono, nne ukague mti, upote na mishale, tano ufanye mazoezi. Upinde mwepesi unaoutawala ni bora kuliko mgumu unaokutawala.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini upinde haufai kulindia shamba usiku?
2. Nani wa kuulizwa kabla ya kununua upinde?
3. Upinde ulishushwa kwa maji lita 12. Ni kama kilo ngapi, bila debe?
4. Katika kijiji chenu, wakulima wangapi hulala peke yao katika dungu? Kikundi kinaweza kufanya nini msimu huu?

Andikeni majibu kwa sentensi kamili. Kwaherini, mpaka somo lijalo.