Kioo Mbele ya Koo

Mwishoni mwa karne ya 19, huko Australia, kijana mmoja aliishi kwa kukariri tungo za Shakespeare mbele ya watu. Jina lake Frederick Matthias Alexander, mzaliwa wa Tasmania mwaka 1869. Watu walimpenda, lakini koo lilimsaliti: sauti ilianza kukwaruza, kisha ikawa inakauka katikati ya onyesho. Daktari akamshauri asikariri, na aitumie sauti kidogo iwezekanavyo, kwa majuma mawili kabla ya onyesho kubwa lililokuwa mbele yake. Akatii. Siku ilipofika alipanda jukwaani na sauti safi, lakini kabla hajafika nusu mikwaruzo ikarudi, na onyesho lilipokwisha hata kuzungumza ilikuwa taabu.

Alexander akapiga hesabu yake. Ikiwa koo lilikuwa zima alipoanza, basi kilicholiharibu ni jambo alilolitenda yeye mwenyewe wakati anakariri. Akasimama mbele ya kioo ajitazame.

Alichokiona ni hiki: kila alipotaka kuanza, kichwa kilirudi nyuma, shingo ikakazana, koromeo likadidimizwa chini, na hewa ikavutwa kwa mdomo kwa mhemo unaosikika. Alipozungumza kawaida mambo yalikuwa yaleyale, ila kwa kiasi kidogo mno. Na kulikuwa na jambo la kushangaza zaidi. Alipojaribu kupeleka kichwa mbele, akaamini kabisa kwamba amefanya hivyo, kioo kilimwonyesha kichwa bado kinarudi nyuma. Mazoea yalikuwa yamemdanganya hata hisia za mwili wake. Ilimchukua miaka kuyang'oa. Mwaka 1904 alihamia London kufundisha njia yake, na hadi leo vyuo vya uigizaji vinaifundisha.

Kisa hiki kinastahili kujulikana na kila anayetaka kupanda jukwaani, kwa sababu wengi huingia na imani kwamba sauti kubwa hutolewa kwa kukaza shingo. Ndivyo inavyoharibika.

Sauti huanzia kwenye pumzi. Hewa inapotoka mapafuni hupita katikati ya nyuzi mbili za sauti zilizo ndani ya koromeo, nazo hutetemeka. Kwa mwanamume anayezungumza hutetemeka mara 100 na kitu kwa sekunde, kwa mwanamke kama mara 200, na mwimbaji anapopanda juu sana huweza kupita 1,000. Nyuzi zenyewe ni fupi, hazifiki sentimita 3. Ukizikaza kwa nguvu huku ukizigonganisha mamia ya maelfu ya mara kwa usiku mmoja, lazima zivimbe.

Wa kwanza kuziona vizuri zikifanya kazi hakuwa daktari, bali mwalimu wa uimbaji, Manuel García, mwenye asili ya Hispania. Mwaka 1854 alitumbukiza kioo kidogo chenye mpini mrefu, kama kile cha madaktari wa meno, hadi nyuma ya kinywa chake. Kwa kioo kingine cha mkononi akaelekeza mwanga wa jua humo ndani. Akaziona nyuzi zake mwenyewe zikifunguka na kufunga.

Tofauti ya kusema na kuimba haipo kooni peke yake. Anayesema hupandisha na kushusha sauti bila kutulia. Anayeimba huishika irabu mahali pamoja na kuinyoosha. Kiswahili kina daraja kati ya hizo mbili, nayo ni kughani. Mghani wa utenzi hasemi tu, wala haimbi kama mwimbaji wa taarabu, lakini pumzi yake lazima imfikishe mwisho wa mshororo, la sivyo kina kinamezwa. Mwigizaji anayejifunza kughani vizuri anakuwa amejifunza nusu ya kazi ya jukwaani.

Huko Stockholm, katika miaka ya 1970, mtafiti Johan Sundberg alieleza jinsi koo moja la mwimbaji wa opera linavyosikika juu ya okestra nzima bila kipaza sauti. Okestra ina nguvu zaidi karibu na mitetemo 500 kwa sekunde. Mwimbaji aliyefunzwa, hasa mwanamume, hukusanya nguvu karibu na 3,000, mahali ambapo vyombo vimepungua na sikio la binadamu ni jepesi kusikia. Hapigi kelele kuliko vyombo. Anapita penye nafasi.

Kwa upande wa maneno, hakuna aliyeheshimiwa kuliko Cicely Berry, aliyeanza kufundisha sauti katika kampuni ya maigizo ya Uingereza, Royal Shakespeare Company, mwaka 1969. Aliweza kumwambia mwigizaji atembee huku akisema, na kila penye alama ya kituo ageuke aelekee upande mwingine. Mwigizaji hugundua kwa miguu yake kwamba mhusika huyu ametulia, au mawazo yake yanarukaruka. Sauti ikabadilika bila mtu kuigusa.

Anayetaka kuanza nyumbani alale chali, magoti juu, kiganja tumboni. Tumbo linyanyuke hewa ikiingia na mabega yatulie. Kisha avume midomo ikiwa imefungwa, mpaka asikie mtetemo usoni. Wataalamu, akiwemo Ingo Titze wa Marekani, wanapendekeza pia kuvuma wimbo kupitia mrija mwembamba wa soda: hewa inayozuiliwa mdomoni huzisaidia nyuzi zisigongane kwa nguvu. Maji ya kunywa yawe karibu, na kunong'ona kwa kukaza koo kusihesabiwe kuwa mapumziko.

Na sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, usiendelee na mazoezi. Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Huenda akakutazama kwa kioo kidogo chenye mpini mrefu, ndugu wa kile alichokitumia García.